Siku ya Sensa kwa Fundi Otmar

Otmar Ndalahwa, fundi cherehani wa Masumbwe, alikwenda Nyarugusu kununua turubai akarudi na pikipiki. Mkewe Theopista mpaka leo akiulizwa habari za siku ile hujibu kwamba turubai bado analisubiri.

Kampuni moja ya kutafuta dhahabu ilikuwa imevunja kambi yake na kupiga mnada kila kitu: mahema, vitanda vya kukunja, majiko, na maturubai ambayo Otmar aliyataka ili awashonee wachimbaji mifuko ya kubebea mawe. Alipofika, maturubai yalikuwa yameshakwenda. Palibaki kabati la chuma lisilo na mlango, na pikipiki kubwa ya rangi ya machungwa, yenye miguu mirefu kama korongo. Vijana wa bodaboda waliizunguka, wakachungulia ubavuni, wakatikisa vichwa na kuondoka. Otmar alikuwa anakaribia miaka sitini na maisha yake yote alikuwa amepeleka nguo za watu kwa baiskeli. Akaipanda, aone tu inavyokaliwa. Mtu wa mnada akabonyeza kitufe, ikawaka. Otmar akashindwa kushuka.

Lakini ilikuwa na tabia. Kwenye njia iliyonyooka ilikwenda vizuri, tena kwa fahari. Ikifika kwenye kona, pale inapolala kidogo upande ili ikate, ilizima. Haikukohoa wala haikuonya, ilizima kama taa. Otmar akizungusha ufunguo na kuanza upya, inawaka kwa adabu zote, mpaka kona inayofuata. Akachoka kuzimiwa mbele ya watu, akajiwekea utaratibu wake. Akiona kona inakuja, anapunguza mwendo, anashuka, anaikokota pikipiki mpaka kona iishe, kisha anapanda na kuendelea. Alifanya hivyo kwa heshima, kofia ngumu kichwani na mgongo umenyooka, kama mtu aliyeamua mwenyewe. Abiria waliochungulia kwenye madirisha ya mabasi walidhani ni sheria mpya ya barabarani. Kuna bodaboda mmoja mgeni, mtu wa Buseresere, aliyemwona, naye akashuka, akaanza kukokota ya kwake na abiria juu, akiogopa kukamatwa na trafiki.

Tabia ya pili ilikuwa moshi. Ilitoa moshi mweusi kama mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na mafuta ilikuwa inayanywa kama maji.

Otmar aliipeleka kwa rafiki yake wa tangu ujana, Edson, mwenye kibanda cha kutengeneza pikipiki karibu na stendi. Hao wawili huitana fundi, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kazi asiyoijua. Edson aliifungua asubuhi, na mchana alikuwa bado amechuchumaa pale pale, uso umekunjamana.

"Fundi," alisema, "hii haina kabureta."

"Imeibiwa?"

"Haijaibiwa. Haikuwahi kuwepo. Nimeitafuta mpaka chini ya siti."

"Sasa mafuta inakunywaje?"

"Ndiyo nakuuliza wewe mwenye mali."

Mwishowe ikapakiwa kwenye fuso mpaka Kahama, kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kupimia. Huyo aliichomeka waya, akasoma kioo kidogo, akatoa jibu kama daktari. Pikipiki ile hailishwi na kabureta, inalishwa kwa sindano, na kiasi cha mafuta kinaamuliwa na kompyuta ndogo kwa kufuata habari inazoletewa na vidude vinavyoitwa sensa. Sensa mbili zilikuwa zimekufa. Ya kwanza ni ya joto, ambayo kila siku iliiambia injini kwamba kuna baridi kali, hata jua la mwezi wa kumi likiwa utosini, na injini ikajimiminia mafuta ili ipate joto. Ya pili ni ya kuanguka. Kazi yake ni kuzima pikipiki ikilala chini, isije ikamuunguza mtu. Sasa ilikuwa imezeeka, na kila Otmar alipoinama kidogo kwenye kona, yenyewe iliamini kwamba wameshaanguka.

"Kwa hiyo ina homa na ina woga," alisema Theopista aliposimuliwa. "Na inalala kwenye chumba changu cha kazi."

Maana cherehani ni zao wote wawili. Otmar anakata na kushona, Theopista anatia vifungo, anapiga pasi na kugombana na wateja. Kazi yao kubwa ni magauni meupe ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, na sifa zao zimefika mpaka Ushirombo. Mwaka uliotangulia Otmar alichelewa kuyafikisha huko kwa sababu ya kona. Alifika Misa imekwisha, watoto wamepokea Ekaristi wakiwa na sare za shule, kisha wakavalishwa magauni nje ili wapigwe picha. Hakuna mzazi aliyemtukana. Walimwambia tu, "Ahsante, Baba, pole na safari." Hilo lilimuuma kuliko matusi, akaapa kwamba mwaka huu atafika kabla ya kengele.

Akaagiza sensa mpya. Zilifika Ijumaa, siku ya soko, zikiwa kwenye kiboksi kidogo ndani ya basi. Wakala wa basi ana kipaza sauti cha kuitia abiria, na siku ile hakuona sababu ya kupiga simu.

"Fundi Otmar! Fundi Otmar cherehani! Sensa zako zimefika! Njoo uzichukue sensa!"

Soko zima lilisikia. Na kwa watu wengi pale sokoni, sensa ni kitu kimoja tu: Serikali kuhesabu watu.

Jumamosi asubuhi Otmar aliiegemeza pikipiki katikati ya chumba cha kazi, kati ya cherehani na mdoli wa plastiki aliyevaa shela la harusi ya mtu. Alikataa kwenda kibandani kwa Edson kwa sababu ya vumbi. Akamwita Edson aje na spana zake, akatandika shuka jeupe sakafuni, akapanga skrubu juu yake moja moja kama anavyopanga vifungo. Mteja wa kwanza alipopiga hodi na suruali ya kupunguza, Otmar alimjibu bila kugeuka:

"Leo hatushoni. Leo ni sensa tu."

Mteja akasema, "Ahaa," akaenda kuwaita watu wa nyumbani kwake.

Bibi Lusia alifika kabla yao. Ni mama mzee sana, jirani wa nyumba ya tatu, na ana dukuduku la miaka kadhaa. Wakati watu walipohesabiwa alikuwa amekwenda kwa mwanawe, na kule makarani wakaambiwa mgeni huyu ataandikwa kwake, na huku kwake wakaambiwa mtu huyu hayupo. Tangu hapo akipungukiwa na chochote, iwe mbolea au mvua, anajua sababu. Alijivuta mpaka kwenye benchi la mlangoni, akakaa na kufunga kanga vizuri.

"Shikamoo, mayu," Otmar alimwamkia kama wanavyomwamkia mama mzee huku, kichwa kikiwa chini ya siti ya pikipiki.

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya hiyo sensa. Safari hii sitaki kurukwa."

Otmar alidhani amekuja kutazama, kama watu wanavyotazama kisima kikichimbwa. "Karibu utazame, mayu. Ila zimekuja mbili tu."

"Mbili? Kwa kitongoji kizima?"

"Mbili zinatosha. Moja ya joto, moja ya kuanguka."

Bibi Lusia alifikiri. "Basi mimi niandike kwenye ya kuanguka. Nilianguka kisimani, nikaanguka tena kwenye ngazi za kanisa, padri mwenyewe shahidi. Ya joto mwekeeni jirani yangu Zipora, huyo ana homa tangu juzi."

Edson aliinua kichwa, akamtazama Otmar. Otmar akamnong'oneza kwamba uzee ni mzigo, wakaendelea. Sensa ya joto ilifungwa kwenye injini bila shida. Lakini nje watu walikuwa wanaongezeka. Walikuja na watoto waliooshwa nyuso. Mwanamke mmoja alikuja na picha ya mumewe aliye duarani, yaani shimoni, Nyarugusu, ili naye asikose. Mzee Maduhu, mfugaji, alipenyeza kichwa dirishani akauliza kama mbuzi nao wanaingia.

"Mbuzi wasiingie!" Otmar alipiga kelele, akifikiria nyaya zake. "Mbuzi hata mmoja!"

Neno likapita kwenye foleni mpaka mwisho: mwaka huu mbuzi hawahesabiwi. Mzee Maduhu akasononeka, akawarudisha nyumbani.

Ni katika kelele hizo Otmar alipofunga sensa ya kuanguka. Ni kiboksi cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kinachokaa chini ya siti kwa skrubu mbili. Alikishika mkononi, Bibi Lusia akamuuliza kama aseme umri wake wa kweli au ule wa kwenye kitambulisho, yeye akamjibu aseme wowote, kisha akakifunga.

Mwenyekiti wa kitongoji, Stanslaus, aliingia akihema. Amevaa koti juu ya fulana, na mhuri uko mfukoni, maana haendi popote bila mhuri.

"Shikamoo, mzee Otmar."

"Marahaba, Mwenyekiti. Karibu."

"Sikaribii. Unahesabu wananchi wangu bila barua. Barua ya wilaya iko wapi? Mafunzo ulifanya lini? Mimi kiongozi nasikia sensa kwenye kipaza sauti cha basi!"

Otmar alisimama, magoti yakalia. Alitazama koti la mwenyekiti, akatazama foleni, akamtazama Bibi Lusia, na ndipo mambo yote ya asubuhi ile yakampangika kichwani. Akachukua sensa moja ya zile za zamani zilizokufa, akaiweka kwenye kiganja cha Stanslaus.

"Sensa ni hii, Mwenyekiti. Ya pikipiki."

Stanslaus aliigeuza, akaikodolea macho. Safari ile ya kuhesabu, makarani walikuwa wamekuja na kompyuta bapa za mkononi, vishikwambi, na yeye hakuruhusiwa hata kukigusa kimoja.

"Hiki ndicho kishikwambi?" aliuliza. "Vimekuwa vidogo hivi?"

Ikabidi Edson aeleze. Alieleza vizuri, kuhusu joto, kuhusu kuanguka, kuhusu pikipiki inayodhani mambo. Stanslaus akaelewa, au alikubali kuwa ameelewa, akatoka nje akawatangazia watu kwamba hakuna sensa, sensa ni ya pikipiki, watawanyike. Hilo liliharibu kila kitu. Wakaanza kunung'unika kwamba pikipiki inahesabiwa lakini binadamu hahesabiwi. Mwingine akasema mwenyekiti amekuja kuzuia kwa sababu anajua wataonekana wengi kuliko alivyoripoti. Bibi Lusia aliushika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

"Mimi siondoki," alisema. "Nimekaa hapa tangu asubuhi. Nipo. Si mnaniona?"

Theopista alikuwa anapiga pasi magauni muda wote huo, kwa sababu kesho yake ilikuwa ndiyo Jumapili yenyewe. Aliweka pasi pembeni, akatoka mlangoni.

"Mnataka kuhesabiwa?"

"Ndiyo, Mama!"

"Simameni vizuri basi."

Akapita kwenye foleni, akimgusa kila mtu begani na kuhesabu kwa sauti, wakubwa kwa watoto, na ile picha ya mwanamume wa Nyarugusu akaigusa pia. Watu walinyoosha migongo. Alipomaliza, Stanslaus alikohoa, akamkumbusha kwamba naye ni mkazi. Theopista akamgusa begani.

"Na huyu bibi harusi?" Bibi Lusia aliuliza akionyesha ndani.

"Huyo ni mdoli wa plastiki, mayu."

"Ila analala humu."

Theopista akarudi ndani, akamgusa na mdoli. Bibi Lusia aliguswa wa mwisho. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyepakwa majivu ya Kwaresima. Akatulia kabisa, akaomba maji ya kunywa.

Sasa watu walikuwa wamehesabiwa na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Walisogea mlangoni na madirishani kuiona pikipiki ikiwashwa. Otmar alizungusha ufunguo, akabonyeza kitufe. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikanyamaza. Akajaribu tena. Edson akafungua plagi, akaifuta, akairudisha. Akavuta nyaya zote moja moja. Wakaikokota nje, watu wakaisukuma mpaka kwenye nyumba ya Maduhu na kuirudisha, nayo imetulia kimya kama kabati. Otmar alikaa kizingitini, akawaza watoto wa Ushirombo wamevaa sare za shule tena. Alichukua kipande cha uzi akawa anakifunga mafundo.

"Fundi," Edson akasema, "mimi kazi nilianza kwenye baiskeli."

"Najua."

"Baiskeli ikikusumbua, unaigeuza miguu juu."

"Hii si baiskeli, fundi."

"Na mimi sina lingine."

Wakaigeuza. Iliingizwa ndani tena, wakarundika mabaki ya vitambaa sakafuni, Edson akakifunga kifuniko cha tangi kwa mfuko wa nailoni na raba, wanaume wakainyanyua na kuipindua, ikalala kwa siti na usukani, magurudumu yakitazama dari. Edson akasogelea gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa kidole, kama anatafuta pancha. Otmar hakuwa na matumaini yoyote. Alilala chali sakafuni ili afikie kitufe, akabonyeza kwa sababu tu mkono ulikuwa umefika pale.

Ikawaka.

Ilinguruma kwa nguvu hata midomo ya watu dirishani ikabaki wazi. Haikutoa moshi mweusi hata kidogo. Gurudumu la nyuma lilizunguka hewani, shela la bibi harusi likapepea, skrubu zilizobaki zikaruka kwenye shuka. "Imewaka! Imewaka!" Edson alirukaruka. Stanslaus alivua kofia. Otmar aliizima, wakaisimamisha kwa haraka. Wakajaribu ikiwa imesimama: kimya. Wakaipindua: ikawaka. Walifanya hivyo mpaka mikono ikawauma. Mtu mmoja dirishani alitoa wazo kwamba labda pikipiki za aina hii ndivyo zinavyoendeshwa na kampuni ile haikuwaambia.

Theopista ndiye aliyewanyamazisha.

"Baba Innocent," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "hiyo ya kuanguka, si inazima ikidhani imeanguka?"

"Ndiyo."

"Ikisimama inadhani imeanguka. Ikiwa miguu juu, inadhani imesimama. Hebu niangalizie umeivalisha vipi."

Otmar alifungua siti. Kwenye kile kiboksi cheusi palikuwa na mshale mdogo wa kuonyesha upande wa juu. Ulikuwa unaonyesha sakafu. Otmar akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka machozi yakamtoka. Edson akamwona akacheka naye. Otmar akafungua zile skrubu mbili, akageuza kiboksi, akafunga. Pikipiki ikawaka ikiwa imesimama kwa miguu yake, taratibu, kama mtu anayeongea baada ya kulala vizuri.

Watu wakamfuata barabarani kwenda kuona kona. Kona ya karibu ni ile ya zahanati. Otmar alikuja kwa mwendo mzuri, na alipoikaribia, mwili wake ukafanya ulivyozoea: akapunguza mwendo, akashuka, akaanza kukokota, injini ikinguruma mikononi mwake.

"Panda!" Edson alimpigia kelele. "Fundi, usishuke! Inawaka!"

Alirudi nyuma, akaanza tena, akashuka tena. Safari ya tatu Edson na Stanslaus walisimama pembezoni kila mmoja upande wake, wakimwelekezea mikono kama ndege inayotua. Otmar aliuma meno, akainama na pikipiki, na kona ikapita chini yake. Upande wa pili alisimama akageuka nyuma kuitazama ile njia, kama haamini kwamba imekwisha. Stanslaus alipiga makofi, halafu akakumbuka cheo chake akaacha.

Jumapili alfajiri walifunga magauni ndani ya mashuka mawili, Theopista akapanda nyuma akiyakumbatia, wakaondoka. Walifika Ushirombo uwanja wa kanisa ukiwa na mzee mmoja tu, anafagia. Akina mama walipokuja na watoto walimkuta Otmar amekaa barazani, viatu safi, magauni yametundikwa kwenye kamba kwa mstari. Hawakuwa wamemtarajia saa hiyo, na kwa sababu muda ulikuwa mwingi, wakaanza kuyakagua. Kola hii imepinda. Huyu mkono umebana. Mtoto mmoja, Violeth, alikuwa amenenepa tangu alipopimwa, na gauni halikupita mabegani.

"Sasa itakuwaje, Baba?" mama yake alimuuliza, tayari amekasirika.

"Muda upo, mama," Otmar alimjibu, na akajisikia vizuri kulisema neno hilo. Akavaa miwani, akalifumua gauni upande mmoja pale pale barazani, na Theopista akawa anamtungia uzi kwenye sindano huku kwaya ikijaribu sauti ndani.